Mkandarasi aliyenikatalia

Yule mpangaji alikuja na futikamba yake mwenyewe. Akazunguka vyumba viwili vya chini, kile cha kona na jirani yake, akapima, akaandika kwenye simu, halafu akasimama mbele ya ukuta unaovitenganisha na kuupiga makofi mawili matatu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Mwalimu, huu ukitoka nipate ukumbi mmoja, mkataba wa miaka 5 nasaini hata leo."

Nimefundisha hisabati miaka 31, na hesabu ya usiku ule haikunisumbua hata kidogo. Vyumba vile vilikuwa vimekaa vitupu miezi 8. Kati yangu na kodi ya miaka 5 palisimama ukuta mmoja wa tofali wenye urefu wa mita 6, umepigwa lipu na kupakwa rangi ya krimu. Nikajiambia: nyundo, siku mbili, lori moja la kifusi, kwisha.

Jengo lenyewe si langu peke yangu. Baba alituachia mimi na wadogo zangu wawili: ghorofa moja, vyumba vinne vya biashara chini, ofisi juu. Mimi ndiye msimamizi kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa kuwa nimestaafu, hali ambayo wadogo zangu huielewa kuwa sina kazi.

Nikamwita kwanza fundi ninayemfahamu. Alifika kesho yake asubuhi, nyundo kabisa begani. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari, akatoa majibu: "Mama, huu ni wa kugawa vyumba tu. Haubebi kitu." Bei yake ilikuwa ya kuvutia mno. Alitaka nusu siku hiyohiyo, nusu akimaliza. Nilipomwuliza habari ya leseni akacheka. "Kubomoa nako kunataka leseni?"

Zamani ningempa kazi palepale. Ila mimi na mafundi wa nusu mbele tuna historia.

Miaka minne kabla ya hapo nilimpa kijana mmoja kazi ya kubadilisha meinswichi na kusambaza upya waya za umeme kwenye ofisi za juu. Kijana mpole, mwenye adabu, na waya zake zilinyooka ukutani kama mistari ya daftari. Alipomaliza, taa ziliwaka. Nikalipa. Hakunipa cheti chochote na mimi sikudai. Taa zimewaka, nidai nini tena?

Ikapita miezi 14. Jumamosi moja usiku mlinzi akanipigia: kwenye ngazi kuna harufu ya plastiki inayoungua. Zimamoto waliwahi na hakuna aliyeumia, lakini sanduku la umeme liliteketea lote, dari ya ngazi ikawa nyeusi, na ofisi mbili zikajaa moshi na masizi hadi ndani ya makabati ya mafaili. Sikupagawa. Nilikuwa na bima, na bima ni ya siku kama ile.

Mkaguzi wa bima alikuwa mtu mkimya. Akafungua mabaki ya sanduku, akamulika tochi, akaishika kwa vidole viwili skrubu iliyopaswa kubana waya mmoja mnene, ikazunguka. Vidole viwili, bila bisibisi. Akanieleza bila kupandisha sauti kwamba kiungo kikilegea umeme hupita pale kwa shida, pale pakapata joto, na joto likazidi kukilegeza, nacho kikazidi kupata joto. Jambo hilo linaweza kuendelea mwaka mzima kimyakimya na swichi isijikate, kwa sababu umeme unaopita ni kiasi kilekile cha siku zote. Kisha akauliza maswali mawili. Cheti cha upimaji baada ya kazi kiko wapi? Namba ya leseni ya aliyeifanya ni ipi?

Mwanafunzi wangu akishindwa maswali mawili kati ya mawili nilikuwa najua la kumwandikia. Barua ya bima ilikuja mwezi uliofuata: masharti yalitaka kazi ya umeme ifanywe na mwenye leseni, hivyo hawalipi. Nikaitoa ile bima kabatini na kuisoma kwa mara ya kwanza tangu niisaini. Kweli sharti lipo, ukurasa wa 9, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Sikumchukia yule kijana, na wala sisemi hakujua umeme. Wenye leseni nao huacha skrubu zimelegea. Tofauti ni kwamba mwenye leseni ana mahali pa kukamatwa: ana kampuni yenye jina, ana bima yake, ana bodi inayoweza kumwita ajieleze. Kijana wangu alikuwa na namba ya simu tu, na kufikia Jumanne ilikuwa haipatikani. Aliyebaki kujibu ni mimi. Wapangaji wawili walidai fidia ya siku walizofunga, na walikuwa na haki. Nyumba ya kuishi ikiungua, unahesabu watu wako. Jengo la biashara lina watu wa watu: wateja, wafanyakazi wa wapangaji, mtu aliyeingia mara moja tu kuuliza bei. Wote hao hawakumchagua fundi. Uliyemchagua ni wewe.

Kwa hiyo fundi wa nyundo nikamshukuru, nikaanza kutafuta mkandarasi mwenye leseni.

Wa kwanza kujitokeza alikuja na leseni ndani ya fremu. Sitanii. Aliitoa kwenye begi, fremu na kioo chake, akaisimamisha juu ya meza yangu kama picha ya harusi. Miaka minne kabla ningeona muhuri nikatosheka. Safari hii nilivaa miwani nikaisoma kama ninayesahihisha mtihani.

Jina la kampuni lilitofautiana na jina lililo kwenye makadirio yake ya bei kwa neno moja. Akaunti ya benki aliyoandika chini ya makadirio ilikuwa ya jina la tatu, la mtu binafsi. Aina ya kazi iliyoruhusiwa: barabara na mifereji. Tarehe ya ukomo: imepita miezi miwili. Nikamwuliza kimoja baada ya kingine, naye akajibu bila jasho. Ile ni kampuni ya kaka yake, na yeye na kaka yake ni kitu kimoja. Barabara na nyumba zote ni zege, Mwalimu. Na leseni mpya iko mbioni.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mchezo huu ni wa kawaida mno. Watu huazima leseni. Mwenye leseni anapewa chochote ili jina lake litumike, mwenyewe haonekani saiti hata siku moja, na siku ukuta ukianguka atasema hajawahi kuisikia kazi hiyo. Atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana majina ninayalinganisha mahali pote: leseni, makadirio, mkataba, bima, akaunti ya benki. Liwe jina moja, herufi kwa herufi. Kuhusu aina ya kazi, niliwapigia watu wangu wa bima kuwauliza (tumepatana upya, tunasalimiana), wakanijibu kwamba leseni ya barabara kwenye kazi ya jengo wanaihesabu sawa na karatasi tupu. Na kuna sehemu ambako leseni zina madaraja, kila daraja likiwa na kikomo cha thamani ya kazi. Mtu anaweza kuwa na leseni halali kabisa, ya majengo kabisa, lakini kazi yako ikawa imempita kimo.

Nilipiga simu pia kwenye ofisi ya usajili. Namba niliichukua kwenye tovuti yao wenyewe, wala sikuitumia iliyochapwa kwenye makadirio. Anayeweza kughushi muhuri hashindwi kuandika namba ya shemeji yake aipokee kwa sauti ya ofisi. Ilichukua dakika chache. Kampuni ipo, leseni imekwisha, na mtaalamu aliyesajiliwa kuisimamia ni mtu mwingine ambaye hakutajwa popote kwenye karatasi nilizoletewa. Fremu nikamrudishia mwenyewe.

Mkandarasi wa pili nilielekezwa na msimamizi wa jengo jirani, ambaye alikuwa amemtumia mara mbili. Mimi sisikilizi sana sifa. Kila mtu ana binamu wa kumsifu. Lakini mtu aliyelipa, akasumbuka na vumbi, kisha akamwita tena yuleyule, huyo ameniambia kitu. Leseni yake nilikuwa nimeshaihakiki kabla hajafika. Majengo, hai, jina moja.

Alikuja na ngazi, tochi na tindo ndogo. Ukuta hakuugonga. Alianza kwa kupanda juu, akasimama kwenye korido ya wapangaji wetu wa ofisini, daktari wa meno na mhasibu, akahesabu hatua kuanzia ukuta wa nje. Akashuka, akahesabu hatua zilezile chini. Zikaishia kwenye ukuta wangu wa rangi ya krimu. Ule ukuta unaomtenganisha daktari na mhasibu ulikuwa umekaa juu ya huu wa chini, tofali juu ya tofali.

Akaomba ruhusa ya kuchimbua lipu mahali padogo, ukubwa wa daftari, pale ukuta unapokutana na dari. Akagongagonga taratibu, vumbi likimwangukia usoni, kisha akashuka akanishikia ngazi. "Panda uone, Mwalimu. Kama ukuta ni wa kugawa vyumba tu, hapo juu yake ungekuta boriti ya zege inapita. Unaona nini?"

Niliona tofali. Juu ya tofali, kamba nyembamba ya saruji ya kuungia. Juu ya hapo sakafu ya ghorofa, zege tupu, imelala moja kwa moja.

"Sioni boriti, Injinia."

"Mimi ni mkandarasi, Mwalimu, si injinia. Na boriti unaiona. Ni huo ukuta."

Hapo ndipo nilipomwelewa yule wa nyundo na kifundo chake cha kidole. Mlio wa ukuta unaweza kukuambia kama tofali zina uwazi ndani ama zimejaa. Haukuambii zimebeba nini. Hilo unaliona kwa kuangalia kilicho juu yake na upande ambao nondo za sakafu zimelalia, na habari za nondo ziko kwenye ramani za jengo. Ramani za baba zimepotea tangu msiba.

Nikamwuliza ataanza lini. Akasema haanzi.

"Siugusi mpaka mhandisi wa miundo apige hesabu na aweke saini, na kibali kitoke. Nikiugusa hivihivi mimi nitapoteza leseni. Wewe utapoteza nini sijui, inategemea nani atakuwa chini siku hiyo."

Nikamwambia kuna fundi amesema haubebi kitu na yuko tayari kesho asubuhi. Hakubishana. Alikunja ngazi yake, akaikagua kama imefunga sawasawa, akaniaga.

Nilichukia, nisiwafiche. Mpangaji ananipigia kila jioni, wadogo zangu wananiuliza kwa nini kazi ya nyundo imegeuka kesi, halafu anakuja mtu ninayetaka kumlipa na ananikatalia pesa yangu. Nilishika simu kumwita fundi wa nyundo. Sikumpata hewani, na nikiri kwamba hilo nalo lilinisaidia, si busara yangu peke yake.

Usiku ule mpwa wangu anayesomea ujenzi akanitumia habari za duka la Sampoong, Seoul, Korea Kusini. Nilikuwa sijawahi kulisikia. Jengo lilibuniwa kwa matumizi mengine, ghorofa nne. Mwenye mali akataka duka kubwa, na mwishowe ikaongezwa ghorofa ya tano. Mkandarasi wa mwanzo alikataa kufanya mabadiliko hayo, akaondolewa, na kampuni ya mwenye mali mwenyewe ikaimaliza kazi. Nguzo zilitoka nyembamba kuliko ilivyotakiwa, nyingine zikakatwa kupisha ngazi za umeme. Mwaka 1993 mitambo mizito ya kupoza hewa iliburuzwa juu ya paa kuhamishiwa upande mwingine, na nyufa zikafuata. Tarehe 29 Juni 1995 liliporomoka jioni, wateja wamo ndani. Walikufa watu 502.

Najua ukuta wangu wa mita 6 si Sampoong, na mpwa wangu ana tabia ya kutisha wazee. Lakini idadi ya waliokufa nilikuwa nimeipita, macho yakarudi nyuma kwenye kile kifungu kifupi: mkandarasi alikataa, akaondolewa. Kulikuwa na mtu aliyesema hapana mapema, wakati ni karatasi tu. Nilikuwa na wa kwangu, na nilikuwa nimemwacha aondoke na ngazi yake.

Asubuhi nikampigia.

Mhandisi alikuja mara mbili, na alichimbua lipu mahali pengi zaidi. Majibu yake: ukuta unaweza kuondoka, ila sehemu tu. Uwazi wa mita 4.8 katikati, vipande vya ukuta vibaki pande zote mbili, na boriti ya chuma ipite juu. Kibali kilichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Mpangaji alinuna siku tisa, akazunguka mji, akarudi.

Wakati tunasubiri kibali tuliandika mkataba, na hapa naona niende polepole, kwa kuwa ndipo nilipokuwa mjinga kuliko pote kwenye kazi ya umeme. Ile ya umeme mkataba wake ulikuwa ujumbe wa simu wenye maneno sita.

Pesa kwanza. Mkandarasi aliomba asilimia 15 ya kuagizia chuma. Nikamwambia nitalipa, lakini moja kwa moja kwa karakana inayokata chuma, kwa ankara yenye jina la kazi yetu. Akasema sawa. Yaliyobaki tukayagawa kwa hatua: jeki za kushikilia ghorofa zimesimama na mhandisi amezikagua, boriti imekaa, ukuta umetoka, umaliziaji umekabidhiwa. Kila malipo nazuia asilimia 10. Nusu ya zuio anaipata siku ya makabidhiano, nusu inakaa kwangu miezi 12 ya matazamio, kasoro zikijitokeza arudi. Nilijiandaa kwa mabishano hapo. Nikakuta kifungu hicho amekiandika mwenyewe kwenye rasimu, na asilimia ni ileile.

Kisha kuna jambo ambalo sikulijua kabisa. Unaweza kumlipa mkandarasi mpaka senti ya mwisho, yeye asimlipe aliyemuuzia chuma, na katika baadhi ya nchi sheria inampa huyo muuzaji haki ya kulidai jengo lako. Jengo lenyewe, si mkandarasi. Kwa hiyo kabla ya kila malipo nilitaka karatasi zenye saini za wauzaji na wakandarasi wadogo kwamba wamelipwa hadi hatua hiyo. Alizileta, ingawa mara moja ilibidi nimkumbushe.

Bima yake sikuridhika na nakala. Nilimpigia aliyeitoa, nikauliza mambo matatu: iko hai kwa tarehe zote za kazi? Inagusa watu wa nje na mali za wapangaji, au vibarua wake tu? Na je, inakubali kazi ya kuondoa ukuta unaobeba, maana zipo zinazoitoa kazi hiyo kwa sentensi moja iliyojificha? Ya kwake ilikubali. Bima yangu nami niliiandikia barua kabla ya tofali la kwanza kutoka, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sisimizi wa ukurasa wa 9 tunafahamiana sasa.

Tuligombana mahali pamoja tu. Nilitaka faini ya kila siku atakayochelewa. Akaandika chini yake kwa mkono: isipokuwa siku za kusubiri uamuzi wa Mwalimu. Niliona ni ujeuri. Nikahesabu ni siku ngapi nilikuwa nimekaa na rangi ya sakafu bila kuamua, nikasaini.

Halafu kuna daktari wa meno. Ukiwa na jengo la biashara unamwalika mkandarasi ndani ya ahadi ulizokwisha kuwapa wengine, na mkataba wangu na daktari ulimwahidi utulivu saa za kazi. Hakuna anayetaka kung'olewa jino huku sakafu inatetemeka. Tukakubaliana kazi za kelele zifanyike kabla ya saa mbili asubuhi na Jumapili, na siku mbili za kuingiza boriti yeye na mhasibu wafunge kabisa, kodi ya siku hizo nisiwadai. Mkandarasi ndiye aliyelazimisha wafunge. Mimi nilitaka kuwaomba tu wakae upande wa mbele.

Kazi yenyewe ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Walitoboa ukuta matundu karibu na dari, wakapenyeza vyuma vifupi vikatokeza huku na huku, kila ncha ikashikiliwa na jeki, na chini ya kila jeki ubao mnene ili uzito usikae mahali pamoja. Ukuta wa juu ukawa umening'inia kwenye vidole vya chuma. Ndipo wakatoa tofali, moja moja, kutoka juu kwenda chini, kwa tindo. Nyundo kubwa ile ya begani sikuiona siku zote hizo. Boriti iliinuliwa kwa winchi ya mnyororo na watu wanane wasiosema kitu, ikakalia vitanda viwili vya zege vilivyomwagwa wiki iliyotangulia ili vikomae. Nafasi kati ya boriti na tofali za juu ikashindiliwa saruji kavukavu hadi ikawa haiingizi hata ncha ya penseli.

Nilidhani jeki zinatoka jioni ile. Zilikaa siku saba. Zilipolegezwa, zililegezwa robo mzunguko kila moja, zikazungukiwa tena, robo nyingine, huku mtu mmoja akisoma kipimo kilichofungwa katikati ya boriti. Mhandisi alikuwa ameandika kwamba ishuke isizidi milimita 6. Ilishuka 4, ikatulia. Nilipiga makofi peke yangu, vibarua wakanitazama.

Boriti wakaifunika kwa bodi maalumu zisizoshika moto. Niliona ni urembo, nikauliza kama tunaweza kuokoa gharama hapo. Akanijibu kwamba chuma hakiungui, ila kikifika joto la nyuzi 600 hivi hubaki na nusu tu ya nguvu zake, na wakati huo ghorofa bado iko juu yake na watu bado wanashuka ngazi. Bodi zikabaki.

Fundi umeme aliyehamisha waya za ule ukuta alikuwa mkandarasi mdogo wake. Nilidai leseni yake kivyake. Leseni ya mkandarasi wa kazi nzima haimfuniki mtu wa umeme. Na safari hii nilipewa cheti cha upimaji, karatasi moja yenye safu za namba. Upinzani wa waya dhidi ya kuvuja ulitakiwa usipungue megaomu 1, zetu zote zilikuwa juu ya 200. Nimekiweka pamoja na bima.

Mwezi wa tatu baada ya makabidhiano niliona ufa kwenye lipu, juu ya ncha moja ya boriti. Mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja. Nilipiga simu mkono unatetemeka. Alikuja kesho yake, akautazama kwa tochi, akatoa penseli. Akachora kistari kila mwisho wa ufa, akaandika tarehe kando yake. "Lipu mpya inazoea boriti. Lakini tusiseme, tuutazame. Kila tarehe moja pita hapa. Ukivuka mstari nipigie hata usiku."

Nilipita kila tarehe moja kwa miezi minne, miwani puani, mpangaji na wateja wake wakinishangaa ninavyosimama kutazama ukuta. Haukuvuka. Akaja kuuziba na kupaka rangi, hakudai chochote, zuio lake lilikuwa bado kwangu.

Mwezi wa kumi na mbili nilimlipa nusu iliyobaki. Jioni hiyo alinitumia kwa simu picha ya leseni yake ya mwaka mpya, sikuwa nimeiomba. Nikavaa miwani nikaisoma, mstari kwa mstari.